Kofia Nyeupe Katika Uwanja wa Vita

Katikati ya moshi wa Borodino anatokea bwana mmoja mnene, mwenye miwani na kofia ndefu nyeupe. Hana cheo, hana bunduki, na hakuna aliyemwita. Amekuja kutazama vita. Wapiga mizinga wanamkodolea macho, kwanza kwa kero, kisha kwa mzaha, mwishowe wanamzoea kama mtu wa nyumbani. Baada ya saa chache wengi wao ni maiti, na bwana yule bado hajajua nani anashinda. Huyo ndiye Pierre Bezukhov, na anayemwigiza ni Sergei Bondarchuk, ambaye ndiye pia mwongozaji wa filamu zote nne za Vita na Amani zilizotengenezwa na studio ya Mosfilm na kuonyeshwa kati ya 1966 na 1967.

Leo Tolstoy, aliyeandika riwaya yenyewe, alikuwa na nadharia yake. Aliamini kwamba historia haiendeshwi na majemadari wala wafalme. Wao ndio wanaobebwa zaidi kuliko wote, ila wanadhani wameshika usukani. Aliieleza nadharia hiyo kwa kurasa na kurasa, na sehemu ya mwisho kabisa ya riwaya ni insha tupu. Humo hamna anayependa wala anayekufa, mna hoja tu juu ya hiari ya mtu na nguvu zinazomzidi. Bondarchuk na mwandishi mwenzake wa mswada, Vasily Solovyov, waliiacha insha ile nje ya filamu. Lakini fikra yake hawakuitupa. Waliivisha kofia nyeupe na kuituma Borodino. Anayemfuata Pierre pale kwenye ngome haoni vita vya kwenye ramani, vyenye mishale myekundu na ya buluu. Anaona vumbi, farasi asiye na mpandaji, kijana anayekaa chini ghafla kana kwamba amechoka. Kisha anaonyeshwa Napoleon juu ya kilima, mbali, akitoa amri, na hapo hahitaji tena kuelezwa kwamba amri zile zikifika huwa zimekwisha kupitwa na wakati. Ametoka huko, amejionea.

Nataka kuisifu kazi hiyo ya mwandishi wa mswada, kwa kuwa ni nadra kusifiwa. Filamu ikifana, pongezi huwaendea waigizaji na mwongozaji. Ikiharibika, watu husema kitabu kilikuwa bora, na lawama humwangukia aliyeandika mswada. Na anayegeuza riwaya ya kifalsafa kuwa mfululizo wa filamu ana mzigo mzito kuliko mwenzake aliyepewa riwaya ya kijasusi. Wa kijasusi akiushika mfuatano wa matukio, ameshika kitabu chote. Wa kifalsafa anaweza kuyapanga matukio yote, moja baada ya jingine bila kuruka hata moja, na bado kitabu kikamponyoka.

Mwandishi asiye na uzoefu akikabidhiwa kitabu cha namna hii huchukua kalamu na kupigia mstari maneno ya hekima. Hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo. Katika kitabu, msomaji anakaa ndani ya kichwa cha mhusika, kwa hiyo fikra humjia kama yake mwenyewe. Kwenye skrini yuko nje, anamtazama mtu anayefungua mdomo, na watu wanaofungua midomo tumeshawazoea. Fundi anayeijua kazi yake huanza na swali jingine: wazo hili linamuuma nani? Likishapata mwenyewe, na mwenyewe akawa na kitu cha kupoteza kwa sababu yake, maneno mengi yanaweza kuachwa salama.

Tolstoy mwenyewe alilijua hilo, hata kama hakujizuia kuandika zile insha. Fikiria baraza la vita kule Fili mwaka 1812, majemadari walipojadili kama Moscow itetewe au iachwe. Ni uamuzi mkubwa kuliko yote katika riwaya. Anayeushuhudia kwa niaba yetu ni Malasha, mtoto wa miaka sita, mjukuu wa mwenye nyumba, aliyesahauliwa juu ya lile jiko kubwa la Kirusi ambalo watu hulala juu yake. Malasha haelewi hoja hata moja. Anaona babu mmoja mchovu, Kutuzov, akibishana na bwana mwenye koti refu, na moyoni ameshaamua kuwa yuko upande wa babu. Nadharia nzima kwamba wakuu hawajui wanalofanya imepita hapo bila kutajwa. Anayetafuta somo la kuandika mswada asome ukurasa ule kabla ya vitabu vyote vya kufundishia filamu.

Baada ya swali la nani, linakuja la wapi pa kukata, na hili ndilo linalotofautisha filamu moja na mfululizo. Mwaka 1956 King Vidor aliitoa Vita na Amani kwa lugha ya Kiingereza, saa tatu na nusu hivi, Audrey Hepburn akiwa Natasha na Henry Fonda akiwa Pierre. Ni filamu ya kupendeza macho. Ila wahusika wake hawana muda wa kubadili mawazo. Wanafika kwenye jibu kabla swali halijawakaa. Bondarchuk alikuwa na takriban saa saba, na namna alivyozigawa ni usomaji wa kitabu tosha. Sehemu ya kwanza aliiita Andrei Bolkonsky, ya pili Natasha Rostova, ya tatu 1812, ya nne Pierre Bezukhov. Hakukata kwa kufuata juzuu za Tolstoy, wala hakulazimisha sehemu zilingane: ya kwanza inazidi saa mbili na ya tatu haifiki saa moja na nusu. Kwanza yupo mtu anayeutafuta utukufu, halafu msichana asiyeutafuta ila anaishi tu, halafu mwaka unaowasomba wote, mwisho yupo aliyetekwa na kugundua kwamba kuna kitu ndani yake ambacho askari wa Kifaransa hawawezi kukifungia. Nani angesema hiyo si falsafa, ingawa ni majina manne tu kwenye mabango?

Mfululizo pia hukupa muda wa sura kubadilika. Lyudmila Savelyeva alikuwa binti wa baleti wa Leningrad, ndiyo kwanza amemaliza shule, alipochaguliwa kuwa Natasha. Upigaji wa picha ulianza 1962 ukaendelea kwa miaka, mpaka Bondarchuk akapatwa na maradhi ya moyo na kuponea chupuchupu. Mtoto anayeingia mbio sebuleni katika sehemu ya kwanza na mwanamke wa sehemu ya nne wana miaka ya kweli baina yao. Hakuna mpambaji anayeweza kuitengeneza miaka hiyo kwa poda.

Tuisogelee dansi ya kwanza ya Natasha. Andrei ana miaka 31 na ameshajihukumu kwamba maisha yake yamekwisha. Njiani aliuona mwaloni mkongwe uliokataa kuchipua, akakubaliana nao. Natasha amesimama ukutani na gauni jeupe, jozi zinaingia uwanjani, hakuna anayemwendea. Uso wake unakaribia kulia, na papo hapo unajitayarisha kwa furaha, ili ikija isimkute hayuko tayari. Andrei anakuja. Kuanzia hapo kamera inaingia katikati ya wachezaji na kuzunguka nao. Mpigapicha, Anatoly Petritsky, alipiga sehemu za dansi ile akiwa amevaa viatu vya magurudumu, kamera mkononi, akivutwa baina ya mamia ya watu wanaozunguka. Hoja ya mwaloni inajibiwa hapo, na inajibiwa na magurudumu. Mtu aliyeamini kwamba yameisha anazungushwa mpaka anasahau alichokuwa anaamini. Mswada ungeweza kumpa sentensi ya kusema wakati ule. Hawakumpa, nami nawashukuru.

Sasa tuvuke bahari. Ayn Rand alichapisha Atlas Shrugged mwaka 1957, kitabu cha zaidi ya kurasa elfu moja juu ya reli, chuma, na watu wenye vipaji wanaoamua kugoma dhidi ya serikali na jamii inayowanyonya. Mtu akubali au akatae falsafa yake (mimi naikataa kwa sehemu kubwa), hilo halimzuii fundi. Filamu tatu zilitoka 2011, 2012 na 2014. Mfanyabiashara John Aglialoro alikuwa ameshikilia haki za kitabu tangu 1992, na kamera ya kwanza iliwashwa Juni 2010, siku chache kabla haki hizo hazijamtoka. Haraka hiyo inaonekana. Lakini kilichoziumiza zaidi ni kwamba kila filamu ilikuja na waigizaji wapya na mwongozaji mpya. Dagny Taggart, mwanamke ambaye wazo zima linapaswa kumuuma, aliigizwa na Taylor Schilling, kisha Samantha Mathis, kisha Laura Regan. Kinachoangaliwa katika riwaya ile ni muda gani mtu atavumilia kabla ya kuiacha kazi anayoipenda. Uvumilivu wa Dagny hauwezi kuonekana ukichakaa ikiwa kila mara tunaletewa uso mpya, uliopumzika.

Halafu kuna ile hotuba. Katika kitabu John Galt, kiongozi wa mgomo ule, anaikamata redio ya taifa na kuhutubia kwa saa tatu, kurasa zaidi ya hamsini za maandishi. Filamu ya 2014 iliibana ikawa dakika chache. Wafuasi wa Rand walinung'unika kwamba imekatwa, na wengine kwamba dakika hizo zenyewe zilikuwa nyingi. Pande zote mbili zilikuwa zinapima urefu, na urefu haukuwa tatizo. Rand alikwisha kulijaribu jambo hili mwenyewe: aliandika mswada wa The Fountainhead ya 1949, iliyoongozwa na King Vidor yuleyule, akashikilia hotuba ya Howard Roark mahakamani isipunguzwe. Gary Cooper anaisema yote, kwa heshima na taabu, kama mtu aliyebebeshwa sanduku la mwenziwe stesheni. Hotuba hizi hazimgharimu msemaji kitu wakati anaposema. Ameshaamua tangu zamani, na sisi tunasomewa hati.

Hata hivyo sehemu ya kwanza, ile ya 2011, ina onyesho moja ambalo ningemwonyesha mwanafunzi yeyote. Dagny na Hank Rearden wanapanda injini ya treni ya kwanza kupita juu ya reli za chuma kipya ambacho wataalamu wote wamesema kitavunjika. Mbele kuna daraja la chuma hichohicho. Hapo hakuna hotuba. Kuna mwendo, kuna bonde, kuna watu wawili waliotia kila walicho nacho kwenye hesabu zao wenyewe, na daraja ama litashika ama halitashika. Kwa dakika zile nilielewa Rand anaona nini anapokitazama kiwanda, jambo ambalo hotuba ya Galt haijawahi kunifanyia.

Nisimpambe Bondarchuk kupita kiasi. Naye ana sauti ya msimulizi, yake mwenyewe, inayoingia kutoka mawinguni kutukumbusha ukubwa wa jambo, na mara nyingi inaingia pale ambapo picha imekwisha kumaliza kazi. Mwaloni ni mfano mzuri: tunauona mti, tunauona uso wa Andrei, kisha tunasikia mawazo yake yakituambia mti unamaanisha nini. Nadhani alimwogopa Tolstoy kidogo. Kwa jeshi zima aliloazimwa, farasi wake, na vyombo vya makumbusho alivyokabidhiwa, ingekuwa ajabu asiogope.

Sisi wa Kiswahili tunayo riwaya inayomsubiri fundi asiyeogopa. Euphrase Kezilahabi, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari juu ya falsafa ya Kiafrika kule Wisconsin mwaka 1985, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata. Vitabu vyembamba, na kisa chake hakishikiki kwa mkono mmoja. Wapo watakaosema havifilamiki. Lakini Vuta N'kuvute ya Adam Shafi nayo ina watu na safari za kujaza tamthilia ya miezi, na Amil Shivji aliibana mwaka 2021 kuwa filamu ya yapata saa moja na nusu, kwa kumtazama Yasmin na Denge zaidi na kuacha mengine yajisimamie pembeni, Unguja ya ukoloni ikiwa imetanda nyuma yao. Alijua wazo la uhuru linamuuma nani.

Kwa Nagona kazi ni ngumu zaidi, maana msimulizi wake ni kama jicho linalotembea kutoka mji wa kimya hadi mji mwingine, na maswali yake ni makubwa kuliko wasifu wake. Nisingeanza na mswada. Ningetafuta kwanza mwigizaji ambaye tunaweza kumtazama akinyamaza kwa dakika tano bila kuchoka, nikampeleka akatembee kwenye mji mtupu, na mpigapicha nyuma yake. Tukirudi, ndipo tungekaa kuamua ni sentensi zipi za Kezilahabi bado tunazihitaji.