Magurudumu Matatu Yanatosha

Mafundi wa kuongeza wamejaa kila gereji. Anayejua kupunguza ni adimu. Mmoja wa hao adimu alikuwa H.F.S. Morgan, mtoto wa kasisi wa Kiingereza, aliyeunda gari lake la kwanza la magurudumu matatu mwaka 1909 huko Malvern, Worcestershire.

Tazama alivyofikiri. Bomba moja nene lilipita katikati ya gari. Hilo ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa fremu, na ndani yake ukapita mhimili wa kupeleka nguvu nyuma: chuma kimoja, kazi mbili. Giaboksi hakuweka. Alifunga minyororo miwili kwenye gurudumu la nyuma, mmoja wa mwendo wa taratibu na mwingine wa kasi, dereva akachagua. Rivasi? Shuka usukume. Injini ya silinda mbili ilikaa mbele kabisa, nje, ikipozwa na upepo wa barabarani. Magurudumu mawili yalikuwa mbele na moja nyuma, kinyume cha bajaji zetu, na aliyewahi kukalia bajaji iliyokata kona kwa pupa ataona mara moja kwa nini.

Sheria nayo ilimtia adabu. Uingereza ilitoza kodi nafuu kwa gari la magurudumu matatu lisilozidi takriban kilo 400, kwa hiyo kila kipande kilipaswa kujitetea mbele ya mizani. Kisha mwaka 1922 likaja Austin 7, gari kamili la bei ndogo, na wateja wakaanza kuhama. La mwisho la ukoo ule wa magurudumu matatu lilitoka kiwandani 1952.

Mwaka 2011 kampuni ileile ya Morgan, katika mji uleule, ikalirudisha. Injini ya S&S kutoka Marekani, yenye karibu cc 2,000, ilitundikwa mbele wazi kama zamani. Giaboksi ni ya Mazda, na nyuma kuna mkanda badala ya mnyororo. Mlango hakuna, paa hakuna. Bodi ilisimama juu ya kiunzi cha mbao za mti uitwao eshi: seremala alikata, akaranda, akaunga, kisha fundi bati akavisha alumini juu yake. Ni mbao ileile ambayo Waingereza hutengenezea mipini ya nyundo, kwa kuwa ni nyepesi na humeza mtikisiko bila kupasuka. Gari zima lilikuwa na takriban kilo 525. Rivasi safari hii ipo, tuwasamehe.

Mwaka 2022 likafuata Super 3, lenye injini ya Ford ya silinda tatu iliyofichwa ndani ya bodi. Kiunzi cha mbao kimeondoka, na alumini sasa inajibeba yenyewe, imeunganishwa kwa gundi. Wapo wanaoililia ile mbao. Mimi siililii. Iliingia garini kwa sababu ilifaa, si kwa sababu ni takatifu, na Morgan mwenyewe hakuwa mtu wa kubeba kitu kwa heshima tu. Linaloniudhi ni mizani: Super 3 lina takriban kilo 635. Zaidi ya kilo 100 zimerudi kimyakimya, na hakuna mtoza kodi wa kuzikemea.

Hata hivyo, magari mapya mepesi kuliko hilo ni ya kutafuta kwa tochi. Ukikutana na mwenye nalo, muulize kwanza lina kilo ngapi. Habari za mwendo kasi atakupa mwenyewe bila kuulizwa.