Ramli Haitaji Jina la Mtu

Kuanzia Mbagala hadi Manzese, matangazo ya waganga yamejaa kwenye nguzo za umeme: mapenzi, mali iliyopotea, cheo kazini. Wengi wao hupiga ramli, lakini wateja wachache huelewa hesabu inayofanyika pale mchangani au kwenye karatasi.

Mpiga ramli hudonoa mistari 16 ya nukta, harakaharaka, bila kuhesabu. Kisha huzifuta mbilimbili. Mstari wa nukta 13 hubakiza moja, wa nukta 14 hubakiza mbili. Masalio ya mistari minne, yakipangwa juu hadi chini, ni umbo moja kati ya maumbo 16 yanayowezekana. Hivyo hupatikana maumbo manne ya kwanza, yaani mama.

Mabinti wanne, yaani maumbo yanayofuata, hawapigwi upya. Binti wa kwanza huokota vichwa vya mama wote, wa pili mstari wao wa pili, hivyohivyo hadi miguu. Kuanzia hapo ni kujumlisha maumbo mawilimawili: moja na moja huandikwa mbili, moja na mbili huandikwa moja, mbili na mbili huandikwa mbili. Manane huzaa manne, manne huzaa mashahidi wawili, na mashahidi humzaa kadhi, umbo la hukumu.

Linganisha na I Ching, uaguzi wa Wachina wenye maumbo 64 ya mistari sitasita: humo mstari uliokomaa hugeuka kinyume chake na kuleta umbo la pili. Mwaguzi husoma mwendo kati ya hayo mawili. Kwenye ramli hakuna mstari unaogeuka. Umbo jipya huzaliwa kwa kujumlisha.

Hesabu hii hujikagua yenyewe. Mabinti hubeba nukta zilezile za mama, kwa hiyo nukta za kadhi lazima ziwe shufwa. Akitokea kadhi wa nukta tano au saba, mpigaji amekosea.

Basi kadhi ana sura nane tu. Tariki, yenye nukta nne, ni njia. Jamaa, yenye nane, ni mkusanyiko wa watu. Hakuna sura inayosema "shangazi yako" wala "jirani wa mlango wa pili". Jina hilo hutoka kinywani mwa mpigaji. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ya Tanzania ilitangaza marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli. Ramli chonganishi, ile inayomtaja mtu kuwa mchawi, imevunja undugu na kuua wazee. Ukitajiwa mchawi wako, mwambie mpigaji akuonyeshe jina hilo limetoka mstari upi.