Neno "Kupumua" na Sumu ya Muhogo

Muulize mwanafunzi yeyote maana ya kupumua, naye atajibu bila kusita: ni kuingiza oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Jibu hili tumelisikia madarasani mara nyingi, na aghalabu tumelipa alama zote. Leo twataka kulihakiki, kwa kuwa twaona linamfikisha mwanafunzi mlangoni na kumwacha nje.

Kuvuta pumzi ni kazi ya mapafu. Upumuaji wa seli ni jambo jingine. Ndani ya seli, glukosi hupasuliwa kwanza bila oksijeni yoyote, na faida yake ni molekuli 2 tu za ATP, ile kemikali inayobeba nishati na kuigawa penye kazi. Mabaki huingia katika mitokondria, na huko, kwa msaada wa oksijeni, pato hufikia molekuli kama 30 kwa kila glukosi moja. Pumzi basi ni mpagazi tu. Mwenye mzigo ni seli.

Walimu wengine hutumia mfano wa moto: chakula ni kuni, mwili ni jiko. Mfano huu una asili yenye heshima. Mwaka 1783 Wafaransa Lavoisier na Laplace walipima joto la mnyama mdogo kwa barafu iliyoyeyuka, wakalilinganisha na joto la makaa yanayoungua, wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. Hatuukatai mfano huo. Kasoro yake ni kwamba moto hutoa nishati yote kwa mkupuo, ikapotea. Seli huitoa hatua kwa hatua, kila hatua na kimeng'enya chake, na sehemu yake huwekwa akiba. Aliyefundishwa moto peke yake hataelewa jinsi kuzuiwa kwa hatua moja kunavyoweza kuua.

Tuchukue muhogo mchungu, chakula cha mamilioni ya watu katika nchi zetu. Seli zake zinapopasuka, hutoa sayanidi. Sumu hii haizibi koo wala mapafu. Hukishika kimeng'enya cha mwisho katika mitokondria, kile kinachoipokea oksijeni. Mgonjwa anavuta pumzi, damu yake ina oksijeni, na bado seli zake zakosa nishati. Kwa jibu letu la darasani, mtu huyu anapumua vizuri kabisa!

Wala si hadithi. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya konzo huko Kwango, Kongo: ugonjwa unaopoozesha miguu ghafula, ambao jina lake kwa Kiyaka ni miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa nao huko Nampula, Msumbiji. Huhusishwa na kula kwa wingi muhogo mchungu usiotayarishwa vema, hasa mlo unapokosa protini.

Mama zetu huloweka muhogo siku tatu au zaidi. Katika maji yale vijidudu huuchachusha. Huishi bila oksijeni, kwa ile hatua ya kwanza ya kupasua sukari. Muhogo hulainika, na sehemu kubwa ya sumu hutoka. Njaa inapobisha hodi, siku hizo hupunguzwa. Ni nani atakayemweleza mama hatari yake? Mtoto aliyesoma biolojia kwa Kifaransa au Kiingereza, lakini nyumbani azungumza Kiswahili.

Wako wenzetu watakaosema tuazime neno "respiresheni" na kufunga mjadala. Neno la kuazima si dhambi. Kiswahili kimeazima mengi. Ila mtoto hawezi kumpelekea mama yake neno ambalo yeye mwenyewe hajalifungua. Sisi twapendekeza "kuvuta pumzi" kwa mapafu, na "upumuaji wa seli" kwa kazi ya ndani, bila kuyachanganya hata katika sentensi moja ya mtihani. Na yule atakayejibu kwamba kupumua ni kuingiza na kutoa hewa, tumpe nusu ya alama, kisha tumwulize: hewa hiyo yaenda kufanya nini?