Mtandao Unaosingiziwa: Skrini ya Mbali Baada ya Kupandisha Toleo

Kigoma mjini, kompyuta ya mbali ikigoma kufunguka, wa kwanza kulaumiwa ni mtandao. Lawama hiyo ina chimbuko. Huku ndiko Reli ya Kati inakoishia, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Ofisi nyingi zinaishi kwa modemu yenye laini ya simu, na kila mtu ana siku anayoikumbuka barua pepe ilipogoma kutoka tangu asubuhi hadi jioni. Kwa kuwa mtandao umeshazoeleka kuwa mkosaji, hakuna anayehangaika kumtafuta mwingine.

Mwaka 2025 ulimleta mkosaji mwingine. Mwezi Mei msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 ulifika mwisho, na tarehe 14 Oktoba Microsoft ikafunga ukurasa wa Windows 10. Aliyekuwa na kompyuta mpya alihamia Windows 11. Mwenye kompyuta kongwe, isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai, alibaki na chaguo la kununua nyingine au kuhamia Linux. Katika pilikapilika hizo za kupandisha matoleo, njia za kuona skrini ukiwa mbali zilikatika bila waya hata mmoja kuguswa.

Nichukue mfano wa ofisi moja ya uwakala wa mizigo, inayohangaikia shehena za Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mhasibu anakaa Barabara ya Lumumba. Kompyuta yenye vitabu vya hesabu iko kwenye dawati la Ujiji. Kompyuta hizo mbili zimeunganishwa kwa njia ya faragha ya WireGuard, na kwa muda mrefu mhasibu alikuwa akifungua skrini ya Ujiji kwa programu ya VNC, anafunga mahesabu ya siku, anaondoka. Kisha kompyuta ya Ujiji ikapandishwa kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04, na kutoka hapo hadi 24.04, maana matoleo haya ya muda mrefu hupandwa ngazi kwa ngazi. Jioni iliyofuata, hola.

"Fundi, huku intaneti ipo kabisa. WhatsApp inaingia."

"Sawa, dada. Hebu nisomee kilichoandikwa hapo, neno kwa neno, usinifupishie."

"Kimeandika Connection refused."

"Basi tushukuru. Mtandao mzima."

Fundi alikuwa sahihi, na hapa ndipo utatuzi wote ulipoanzia. Programu ya mbali ikishindwa huwa inatoa moja ya majibu mawili, na watu huyachukulia kuwa ni kitu kimoja. Ikisema muda umekwisha, ujumbe uliondoka na hakuna kilichorudi: huenda kompyuta imezimwa, njia imekatika, au kuna kizuizi kinachomeza ujumbe kimyakimya. Ikisema muunganisho umekataliwa, ujumbe ulifika hadi Ujiji, kompyuta ya Ujiji ikaupokea, na yenyewe ikajibu kwamba kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza. Kukataliwa ni habari njema. Kunafuta kwa mpigo mmoja nusu ya mambo ambayo ungepoteza siku nzima kuyakagua: laini, bando, modemu, na WireGuard yenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kujua nani anasikiliza. Karani wa Ujiji aliandika amri moja, ss -tln, ambayo huorodhesha poti zilizo wazi. 5900, poti ya asili ya VNC, haikuwepo kwenye orodha.

VNC ilizaliwa miaka ya 1990 katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza. Wazo lake ni jepesi: kompyuta inayotazamwa hukata skrini katika vipande vya mstatili na kutuma vile tu vilivyobadilika, anayetazama hurudisha miguso ya kibodi na mwendo wa kipanya. Ubuntu 20.04 ilitumia utaratibu huo. Lakini kuanzia 22.04, yenye eneokazi la GNOME 42, wenye mfumo walibadili mkondo: kushirikisha skrini kukahamia RDP, itifaki inayotoka kwa Microsoft, ambayo poti yake ni 3389. Mhasibu aliendelea kubisha kwenye poti ya zamani kwa programu ya zamani. Juu yake, kupandisha toleo hakuwashi huduma mpya kwa niaba yako. Karani alilazimika kuingia kwenye Settings, upande wa System, akawasha Remote Desktop kwa mkono wake.

Akaiwasha. Mhasibu akajaribu kwa programu ya RDP iliyomo ndani ya Windows yake. Safari hii jibu likawa kwamba muda umekwisha, na kila mtu akasema sasa ndiyo mtandao wenyewe. Haukuwa mtandao. Kompyuta ya Ujiji ilikuwa na fayawoli ya UFW, iliyopewa ruhusa ya poti 5900 siku ile ilipowekwa, na poti zisizoruhusiwa UFW huzimeza bila kujibu. Ndiyo maana jibu lilibadilika: kwenye 5900 ruhusa ilikuwepo bila msikilizaji, kwenye 3389 msikilizaji alikuwepo bila ruhusa. Jibu likibadilika umesogea hatua moja, hata kama skrini bado haijafunguka, na fundi asiyeandika maneno ya kosa mahali fulani hawezi kuiona hatua hiyo. Fundi alifungua 3389 kwa upande wa WireGuard peke yake, si kwa dunia nzima. Naunga mkono hilo kwa nguvu zote. Poti ya RDP iliyoachwa wazi kwenye intaneti hutafutwa usiku na mchana na programu zinazobahatisha nywila.

Kisha likaja la nywila. Mhasibu aliandika ile anayofungulia kompyuta, ikakataliwa. Kwenye GNOME, kushirikisha skrini kuna jina na nywila yake, tofauti na za mtumiaji, nazo zimeandikwa palepale kwenye ukurasa ule wa Settings. Wengi hukwama hapa wakidhani wamesahau. Karani akasoma, mhasibu akaandika, vitabu vya hesabu vikafunguka.

Vikafunguka hadi saa saba mchana. Karani alikwenda kula, skrini ikajifunga yenyewe, na muunganisho ukakatika muda uleule. Katika matoleo haya GNOME haiachi mtu wa mbali atazame au aguse kikao kilichofungwa. Unaweza kurefusha muda wa skrini kujifunga, ila kwa kompyuta yenye hesabu za watu, iliyo kwenye chumba kinachopitiwa na wapagazi na wateja, mimi nisingeshauri kuuondoa kabisa.

Tatizo lililosumbua kuliko yote lilisubiri umeme ukatike. Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na hadi leo mafundi wengi huku hupanga kompyuta za ofisi zijiwashe umeme unaporudi, kisha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya karani bila kuuliza nywila. Ni mpango wa busara. Kwa mfumo wa zamani ulifanya kazi vizuri. Kwa mfumo mpya, umeme uliporudi kompyuta iliwaka, ikaingia, mtandao ukashika, poti 3389 haikukataa. Lakini nywila iliyofanya kazi jana haikukubaliwa tena.

Nywila ya kushirikisha skrini hutunzwa ndani ya hifadhi ya siri ya mtumiaji, ile ambayo GNOME huiita keyring. Hifadhi hiyo imefungwa kwa nywila ya kuingilia, na hufunguka pale mtu anapoiandika kwenye mlango wa kuingia. Kompyuta ikijiingiza yenyewe, hakuna aliyeandika chochote, kwa hiyo hifadhi inabaki imefungwa na huduma ya RDP inakosa nywila ya kulinganisha na ile uliyotuma. Dalili yake ilikuwepo Ujiji tangu asubuhi: kisanduku katikati ya skrini kikiomba nywila ya kufungua keyring. Karani alikuwa anakifunga kila kinapotokea, kwa kuwa kilimzibia jedwali lake la LibreOffice. Simlaumu. Hakuna aliyemweleza kwamba kisanduku kile kina uhusiano na mhasibu wa Lumumba.

Kwenye intaneti utaelekezwa kuipa hifadhi hiyo nywila tupu. Itafunguka, ni kweli, na kila siri iliyomo, zikiwemo nywila za kivinjari zinazolindwa nayo, itabaki wazi kwa atakayeondoka na diski. Ubuntu 24.04 ina njia iliyo bora. Pembeni ya Desktop Sharing, kushirikisha skrini kule kulikowashwa mwanzo, kuna kipengele cha Remote Login, kinachoendeshwa na mfumo wenyewe na si na kikao cha karani, kwa hiyo kinakubali wageni hata kama hakuna aliyeingia. Fundi alizima kujiingiza kwa akaunti ya karani, akamfungulia mhasibu akaunti yake, akawasha Remote Login. Umeme ukirudi kompyuta inasimama kwenye mlango wa kuingia, na mhasibu anapita kwa jina lake. Jambo la kuangalia ni poti: vipengele vyote viwili vikiwashwa, kimoja huweza kusogezwa hadi 3390, na UFW itahitaji kuambiwa. Jambo jingine ni kwamba Remote Login inafungua kikao chako mwenyewe. Ukitaka kuona kile karani anachokiona, ili umwelekeze, bado utahitaji Desktop Sharing.

Kuna watakaouliza kwa nini usumbufu wote huu, wakati programu za zamani zilikuwa zinachota picha ya skrini bila kuomba ruhusa. Zilifanya hivyo kwa sababu mfumo wa kuchora skrini wa X, uliobuniwa MIT mwaka 1984, uliruhusu programu yoyote iliyo ndani kusoma madirisha ya wenzake na hata vitufe vinavyobonyezwa. Programu moja chafu ingeweza kukaa kimya na kumtazama mhasibu akiandika nywila ya benki. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 na ambayo sasa ndiyo msingi wa kawaida wa Ubuntu, imefunga mwanya huo: picha ya skrini inatolewa kwa ruhusa tu. Ndiyo sababu baadhi ya programu kongwe za kutazama skrini hukataa kuanza, na nyingine huonyesha weusi mtupu. Weusi ule ni ulinzi unaofanya kazi yake. Kwenye 24.04 unaweza kuuzima kwa kuandika WaylandEnable=false kwenye faili la mpangilio la GDM, programu ya mlango wa kuingia, na kurudi kwa X; mimi ningefanya hivyo kwa dharura ya usiku mmoja, si kwa ofisi inayoshika fedha za watu.

Apple walipita njia hiyohiyo. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, programu isiyopewa ruhusa ya kurekodi skrini huona picha ya ukutani bila madirisha ya programu nyingine, na isiyopewa ruhusa ya pili, ile ya kudhibiti kompyuta, huona kila kitu ila haiwezi kubofya.

Kwa upande wa Windows makosa ni mengine, mafupi kuyaeleza. Baada ya kupandisha toleo, angalia kama mtandao wa ofisi umegeuzwa kuwa wa aina ya Public. Hapo fayawoli hubana. Angalia kama toleo ni Home, maana Home haipokei RDP hata uipigie magoti. Muulize mwenye kompyuta kama anaijua nywila yake halisi au anaikumbuka PIN tu, kwa sababu PIN ya Windows 11 ni ya kompyuta ile pale mezani na haivuki kwenda RDP. Na mapema mwaka 2025 baadhi ya waliokuwa kwenye Windows 11 24H2 walikatika kila baada ya sekunde 65 walipoingia kwenye seva za Windows 2016 au za nyuma yake. Microsoft walikiri kosa lilikuwa kwenye sasisho lao, upande wa UDP, wakalirekebisha mwezi Machi. Ukikatika kwa muda uleule kila mara, shuku programu kwanza. Mawimbi mabovu hayajui kuhesabu.

Mtandao nao una siku zake za hatia, na hesabu inaonyesha wapi. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 yenye rangi kamili ni baiti milioni 6.2 kwa picha moja isiyobanwa. Kwa laini ya megabiti 2 kwa sekunde, picha hiyo ingechukua karibu sekunde 25. Kubana data na kutuma vilivyobadilika tu ndiko kunakoiokoa hali. Kwa hiyo toa picha ya ukutani, weka rangi moja. Zima madoido ya madirisha. Shusha skrini hadi 1280 kwa 720, ambako nukta hupungua hadi chini ya nusu. Ujiji walifanya hayo matatu na mhasibu akaacha kulalamika kuhusu kipanya kinachochelewa.

Kilichoiwezesha kazi yote hii kufanyika bila fundi kupanda daladala kwenda Ujiji ni SSH, njia ya kuiamuru kompyuta ya mbali kwa maandishi, ambayo haihitaji picha yoyote na hupita hata kwenye laini dhaifu. Ilikuwa imewekwa kabla ya toleo kupandishwa. Na ukipandisha Ubuntu kupitia SSH kwa amri ya do-release-upgrade, mfumo huanzisha SSH ya akiba kwenye poti 1022 endapo ya kwanza itakatika katikati ya kazi. Poti hiyo nayo haijifungui yenyewe kwenye fayawoli. Inabidi uiruhusu kabla hujabonyeza kitufe cha kuendelea.