Meno Saba

Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za shehena, na katika yote aliyorejea nayo Mombasa baada ya miaka mingi ya kuzizunguka bandari za watu, kilichonifikia mimi ni kisu kimoja cha kukunja, mpini wake pembe ya fahali iliyoshikwa kwa shaba, bapa lake la feleji urefu wa sentimita 10, ambacho alikinunua ujanani huko Cartagena, nchi ya Uhispania, ili ahifadhi nafsi yake katika vichochoro vya ugenini, na ambacho, kwa kadiri nilivyomjua, hakupata kumkunjulia mwanadamu hata siku moja. Alikikatia maembe.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni sauti yake. Baada ya sala ya magharibi, tukiwa tumeketi barazani na sinia limekwisha kuletwa, mjomba alikuwa akikitoa mfukoni mwa kizibau na kukikunjua taratibu mno, kama afunguaye kitabu kikuukuu naye achelea kurasa zisipasuke, na kila bapa lilipoinuka kidogo, kamani iliyolala mgongoni mwa mpini iliruka jino moja la feleji na kuangukia jingine, tra, tra, tra, mara saba, kila mlio mzito kidogo kuliko uliotangulia, hata jino la saba liliposhika, ikasikika sauti moja nene, ya jambo lililokwisha kukatwa shauri. Sisi watoto tulikuwa tukiyahesabu meno yale kwa midomo, bila ya kutoa sauti. Hata paka aliyelala chini ya kiti aliyajua, kwani aghalabu aliamka kwenye la tatu akaja kungoja. Siku moja nilimwuliza mjomba kwa nini kisu kipige kelele kabla ya kukata, naye akanijibu bila ya kuinua macho kutoka katika embe lake: "Mwanangu, kisu cha muungwana hubisha hodi."

Maneno yale niliyachukua kwa muda mrefu kuwa ni maneno ya mzee kumnyamazisha mtoto, mpaka nilipokuja kusoma habari za visu hivi, ambavyo wenyewe huviita navaja, nikafahamu kuwa alikuwa amesema lililo asili ya sanaa yenyewe. Vilifuliwa katika miji mingi ya Uhispania, ila mji uliojipatia jina kwa kazi hii ni Albacete, katika uwanda wa La Mancha, ambako habari za wafua visu zimeandikwa tangu karne ya 15. Waarabu wa Andalusi waliuita mji huo Al-Basit, yaani uwanda, na shina la neno hilo ni lile lile la jina tukufu tunaloliita katika dua, Al-Baasit, Mwenye kukunjua riziki. Nami sioni vibaya kustaajabia kwamba mji wenye jina la kukunjuka ndio uliokuja kuwa mji wa visu vya kukunja.

Wafalme hawakuvipenda. Mwaka 1761 Carlos III alitoa amri ya kukataza silaha fupi, na miongoni mwa vilivyotajwa humo ni kisu cha kukunja chenye kamani ya kukaza bapa. Walakini kisu hakikutoweka, kwa sababu mtu asiye na ruhusa ya upanga naye alikuwa na njia ya giza ya kupita akirejea nyumbani. Mwaka 1849 kilipigwa chapa mjini Madrid kitabu kizima cha kufundisha matumizi yake, na garimoshi lilipofika Albacete mwaka 1855, wachuuzi wakapata soko jipya stesheni, wakawa huwazungukia abiria wamejifunga mikanda mipana iliyochomekwa visu kutoka nyonga hadi nyonga.

Amma namna ya kukipima kisu cha kujihifadhi, fundi wa kale hakuanza kwa makali, kwani makali ni kazi ya kinoo na yeyote aweza kuyatia. Kwanza alikitazama kikiwa kimefungwa, kutoka juu, aone kama bapa limelala katikati ya mashavu mawili ya mpini bila ya kuegemea upande. Kisha alikikunjua, akaishika ncha kwa vidole viwili na kuitikisa, kwa kuwa bapa lichezalo kwenye bawaba ni kasoro ndogo wakati wa kumenya chungwa, bali ni khiyana wakati wa hatari, nalo huviangukia vidole vya sahibu wake. Kisha alikiinua kwenye mwanga, atazame kama nuru yapenya baina ya kamani na kisigino cha bapa. Na kamani ndiyo roho ya kazi: ikiwa laini mno hulegea, ikiwa ngumu mno huvunjika, na usawa wake ulipatikana kwa jicho tu, pale feleji iliyokwisha kutiwa maji inaporudishwa motoni polepole na kubadilika rangi, kwanza njano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, hata buluu, na hapo ndipo hutolewa, kwani ukichelewa kidogo tu buluu hupauka na ugumu wake umekwenda. Mwisho wa yote, fundi alifumba macho akasikiliza.

Siku hizi niwasikiapo watu wakisifu visu vya kujihami, sifa ninayoisikia ni moja, wepesi: bapa lifyatuke kwa kidole gumba cha mkono mmoja, kimya, kabla aliye mbele yako hajatanabahi. Sikatai kuwa komeo za kisasa ni madhubuti. Nyingine ni madhubuti kuliko kamani ya kale, na asemaye vingine anasema kwa mapenzi. Lakini kisu cha mjomba wangu kilimpa adui nafasi saba za kubadili nia, na kilimpa mwenyewe nafasi saba hizo hizo, na sijui ni fundi gani leo anayeketi kwenye meza yake akafikiri kwamba mwenye kisu naye anahitaji muda wa kujirudi.

Mjomba alipofariki, ribiti ya bawaba ilikuwa imelegea, nami nikakipeleka kisu kwenye karakana moja mjini ikazwe. Nilipokwenda kukichukua, kijana wa pale alikikunjua mbele yangu kwa furaha, nacho kikafunguka bila ya sauti. Alikuwa amekitia kwenye jiwe la umeme akayasawazisha meno sita, akaliacha la mwisho ili bapa lishike. "Nimekuondolea yale makelele, mzee," alisema, "wala hilo sikutozi." Alinifanyia hisani kwa moyo safi, na kwa ajili hiyo sikuweza hata kumlaumu.

Kwa muda mrefu sikukigusa tena. Nilipojaliwa kufika Albacete nilikichukua, nikaenda kwanza katika jumba la makumbusho ya visu, lililofunguliwa mwaka 2004 katika nyumba ya vigae vya kijani inayolielekea kanisa kuu, nikaona humo visu vya kukunja vyenye urefu wa mkono wa mtu, ambavyo leo mahali pake ni nyuma ya kioo, maana kanuni ya mwaka 1993 imekataza mtu kuwa na kisu cha kukunja chenye bapa la kupita sentimita 11 ila kikae nyumbani kwake kwa pambo na ukusanyaji. Madukani nilijaribu vile vya kuuzia watalii. Vina meno, ndiyo, yaliyokatwa kwa mashine kwa mkupuo mmoja, na mlio wao ni wa kopo.

Mwishowe nikaelekezwa kwa mzee mmoja katika karakana yenye majiliwa mawili, moja lina kazi na la pili limefunikwa kitambaa. Alikipokea kisu, akakifunga, akakikunjua. Akasita, akakikunjua tena polepole zaidi, akitega sikio. Kisha akapitisha ukucha kwenye kisigino cha bapa, pale palipokuwa na meno, akenda na kurudi, na kwa kinywa cha mkalimani akaniambia kuwa aweza kufua bapa jipya, ila kwa hili feleji imekwisha kuondoka, hairudi. Nikamwambia la, nitabaki na la mjomba. Akauliza yalikuwa mangapi. Nikamwambia saba. Akaniuliza yalikuwa yakilia vipi, nami sikuwa na njia ya kumweleza ila moja, nikafumba macho na kumtolea kwa kinywa changu, tra, tra, tra, kila moja nzito kidogo kuliko iliyotangulia, naye akahesabu kwa vidole juu ya meza, na lilipotoka la saba akakifunga kisu, akakifuta kwa aproni yake, akanirudishia.