Ufundi wa Kuificha Namba

Kuna kipimo kimoja cha presha, cha zebaki, ambacho mpimaji huanza kwa kuzungusha gurudumu dogo. Likisimama, zebaki haianzii tena kwenye sifuri. Inaanzia juu kidogo, labda 8, labda 17, na mpimaji hajui ni wapi. Anajaza upepo mkandani, anasikiliza, anaandika alichosoma. Mkanda ukishaishiwa upepo ndipo anatazama zebaki imetulia kwenye namba gani, anaitoa katika zile alizoandika, na presha ya mtu inajulikana. Wright na Dore walikitangaza kifaa hicho Uingereza mwaka 1970. Nimesoma habari za vifaa vingi vya tiba, vingine vya gharama kubwa mno, lakini hakuna kilichonigusa kama hiki, maana kimeundwa kwa kazi moja tu: kumkinga mtu mwaminifu asijidanganye.

Fungua daftari la kliniki yoyote uone. 130/80. 140/90. 150/100. Damu ya binadamu haina mapenzi na sifuri. Mkono unaoandika ndio wenye mapenzi hayo. Tena, ikiwa 140 ndiyo mpaka wa kuanza dawa, na mbele yako amekaa mzee mpole ambaye hutaki kumwanzishia dawa za maisha, sikio lako litausikia mlio kwenye 138. Hakuna aliyesema uongo hapo. Ila namba imekwisha kupinda.

Na presha yenyewe ni kigeugeu. Ukiongea inapanda. Ukiwa umebanwa na mkojo inapanda. Ukikunja nne, mkono ukining'inia bila kuegemezwa, mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, inapanda. Wako ambao inapanda kwa kumwona tu daktari, wakifika nyumbani inashuka.

Nilimsindikiza shangazi yangu kliniki ya presha asubuhi moja. Muuguzi alikuwa binti mdogo tu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akamwambia akae, aegemee kiti, miguu yote miwili iguse sakafu. Shangazi akaanza kusimulia taabu za daladala, yule binti akatabasamu. "Mama yangu, hayo utanisimulia nikimaliza. Sasa pumzika kimya." Zikapita dakika tano nzima, na foleni ilikuwa ndefu. Kisha akauinua mkono wa shangazi akaulaza mezani usawa wa moyo, akatafuta mpigo kwa vidole viwili pale kwenye kiwiko, akaweka stetoskopu juu yake. Akajaza upepo. Halafu akaulegeza taratibu, mshale wa kipimo ukishuka kama anayeshuka ngazi gizani. Akaandika 146/88. Akasubiri kidogo, akapima tena: 141/86. Sikuwahi kuona namba za namna ile katika daftari la shangazi. Zilikuwa namba za mtu aliyesikiliza.

Mlio aliokuwa akiusikiliza una historia yake. Mwaka 1733 kasisi Mwingereza, Stephen Hales, alichapisha habari za farasi jike aliyemlaza chali na kumwingiza mrija wa shaba katika mshipa wa paja. Damu ilipanda katika bomba la kioo zaidi ya futi 8. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Turin akatengeneza mkanda wa kufunga mkononi, lakini kwa kidole kilichogusa kifundo cha mkono alipata presha ya juu peke yake. Kisha mwaka 1905, huko St Petersburg, daktari wa upasuaji Nikolai Korotkoff akaweka chombo cha kusikilizia chini ya mkanda. Damu inapopenya kwanza kwenye mshipa uliobanwa, inagonga: ko, ko, ko. Hapo ni presha ya juu. Mshipa ukifunguka wote, mlio unakufa. Hapo ni ya chini. Taarifa yake haikujaza hata ukurasa mmoja, na mpaka leo sikio hutumika hivyo hivyo.

Kuanzia hapo kazi kubwa ikawa kulilinda sikio hilo. Kabla ya gurudumu la Wright na Dore, Geoffrey Rose na wenzake wa London walikuwa wameunda mwaka 1964 kipimo ambacho zebaki yake imefichwa. Mpimaji anabonyeza tu anaposikia mlio. Namba husomwa baadaye. Hata lile gurudumu, watafiti wengine walikuja kulipima, wakakuta linasoma chini kidogo ya ukweli. Mimi sioni aibu katika hilo. Fundi hupima hata rula yake.

Upande wa dawa, anayenivutia kuliko wote ni Edward Freis, daktari wa hospitali ya maveterani mjini Washington. Miaka ya 1960 madaktari wengi wenye heshima zao waliamini kuwa presha ya juu haidhuru, ishushwe au iachwe. Wengine walisema mwili unaihitaji ili kusukuma damu katika mishipa iliyokakamaa. Freis aliamua kuuliza kwa jaribio badala ya kubishana. Wagonjwa wangegawanywa kwa kura, nusu wapate dawa, nusu wapate vidonge vitupu vinavyofanana navyo, wala mgonjwa wala daktari asijue nani kapata nini.

Lakini Freis alijua jambo ambalo kila mwenye mgonjwa nyumbani analijua: si kila anayepewa dawa huimeza. Basi kabla ya kura, kila mtu alipewa kwanza vidonge vitupu vilivyotiwa kiasi kidogo cha vitamini B2. Vitamini hiyo hutoka na mkojo, na mkojo wenye nayo hung'aa rangi ya manjano chini ya taa ya urujuanimno. Alipokuja kliniki, vidonge vyake vilivyobaki vilihesabiwa, na mkojo wake ukapelekwa kwenye taa. Usipong'aa, hakuingia kwenye utafiti. Ninapofikiria chumba kile chenye giza, mtu kashika chupa ya mkojo akingoja kuona kama itawaka, naona ufundi uliokomaa. Hakuna aliyeitwa mwongo mbele ya watu, wala hakuna aliyeaminiwa kwa maneno.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1967. Wanaume 143, wenye presha ya chini kati ya 115 na 129. Katika muda ambao kwa wastani haukufika miaka miwili, waliokuwa kwenye vidonge vitupu walipatwa na madhara makubwa 27. Waliokuwa kwenye dawa, 2. Mjadala wa miaka mingi ulikatwa na watu ambao hawakujaa uwanja mdogo wa shule.

Vifaa navyo vimepitia tanuri hilohilo. Kuna mishipa ya fahamu inayozunguka mishipa ya damu ya figo na kuchochea presha. Wahandisi wakaunda katheta, mrija mwembamba unaoingizwa kinenani mpaka kwenye mshipa wa figo, ambao ncha yake huunguza mishipa hiyo ya fahamu kutoka ndani kwa mawimbi ya redio. Mwaka 2010 jaribio la watu 106 lilionyesha presha ya juu ikishuka kwa milimita 32 za zebaki. Dunia ya tiba ilisisimka. Lakini watu wale walijua nani kafanyiwa na nani hakufanyiwa.

Basi Wamarekani wakafanya jaribio jingine, wakatangaza matokeo mwaka 2014. Wagonjwa 535. Wote walilazwa mezani, wote wakachomwa kinenani na kupigwa picha ya mishipa ya figo. Walipewa dawa ya kuwatuliza, wakafunikwa macho, wakawekewa muziki masikioni. Kisha baadhi wakaunguzwa mishipa ya fahamu na wengine wakaachwa hivyo hivyo, bila kujua. Baada ya miezi sita, waliounguzwa presha yao ilishuka kwa milimita 14. Ambao hawakuguswa? Karibu 12.

Fikiria uchungu wa siku hiyo kwa waliokuwa wameipa kazi hiyo miaka yao. Wengi wangeficha kichwa au kutafuta wa kulaumiwa. Wao walirudi kwenye benchi. Wakakuta madaktari wengine walikuwa wamefanya kazi hiyo ya katheta mara chache mno, na mishipa mingi ya fahamu haikuguswa. Wakakuta pia wagonjwa walibadilisha dawa katikati ya jaribio. Wakaunda katheta iliyojikunja kama skurubu, yenye vichomeo vinne vinavyozunguka ukuta wa mshipa. Wengine wakatumia mawimbi ya sauti. Wakapima dawa katika damu na mkojo wa wagonjwa, kwa roho ileile ya Freis na taa yake. Safari hii tofauti ilionekana: katika jaribio moja la mwaka 2020, kama milimita 4 kwa kipimo cha saa 24. Novemba 2023 Marekani ikaidhinisha vifaa viwili.

Milimita 4. Hapo ndipo daftari lile la masifuri linaponiuma. Anayekadiria kwa makumi hawezi kuiona milimita 4 hata ikipita mbele yake.

Kwetu Afrika ilitafutwa tofauti ya milimita 3. Utafiti wa CREOLE, ulioongozwa na Dike Ojji wa Nigeria pamoja na Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, aliyefariki kabla haujachapishwa, na Neil Poulter wa London, uliwachukua Waafrika 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Poulter ni mgeni wa siku nyingi: ndiye aliyewafuatilia Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini, akaonyesha mwaka 1990 kuwa presha ilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo tu ya mji. Katika CREOLE walilinganisha dawa mbili mbili, na washiriki wakavaa kipimo kinachojaza upepo chenyewe usiku na mchana, bila mkono wa mtu kushika kalamu. Mwaka 2019 jibu likatoka: amlodipini ikichanganywa na dawa ya kukojoza, au na perindoprili, ilishusha presha kwa kama milimita 3 zaidi kuliko hizo mbili za mwisho bila amlodipini. Ni vidonge vya kawaida, na sasa tunajua vipi vya kuoanisha kwa miili yetu, kwa kupimwa miili yetu.

Shangazi yangu bado anakwenda kliniki kila mwezi. Nawe siku yako ikifika, nenda haja ndogo kwanza, kaa, egemea, miguu chini, mkono mezani, dakika tano. Omba upimwe mara mbili. Na muuguzi akikwambia unyamaze, mheshimu, nyamaza.