Kidani Kifuate Sari

Wasafiri wa Kizungu waliopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa miaka ya 1870 waliwakuta Wanyakyusa wamevaa masango ya shaba kiunoni, yamesuguliwa hadi yanang'aa. Nguo yenyewe ilikuwa haba, gome la mti lililopondwa, kwa hiyo pambo lilipata pa kukaa. Mnyakyusa wa Kisiba wa zama zile, kando ya ziwa la Masoko, angeelewa bila kuelezwa jambo ambalo familia nyingi hulisahau zinapoingia kwa sonara kumnunulia bibi harusi wa Kihindi: pambo hufuata vazi, na vazi likiwa zito pambo hupungua. Mwenye fedha yeyote atanunua dhahabu. Kuipatanisha na sari kunataka fundi, na ufundi huo hasa ni kujua nini kibaki sandukuni.

Chukua bibi harusi wa Kigujarati, maana Wahindi wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kachchh. Kwa desturi huwa na sari mbili. Panetar, hariri nyeupe yenye pindo jekundu, hutoka kwa mjomba wake. Gharchola, nyekundu, iliyogawanywa miraba kwa nyuzi za zari, hutoka upande wa mume. Panetar ina uwanja mweupe mtupu, kwa hiyo inastahimili kidani kipana chenye vito vyekundu na vya kijani. Gharchola imekwisha kujipamba yenyewe, kila mraba una ua au tausi ndani yake, na kidani hicho hicho kikiwekwa juu yake jicho halijui litue wapi. Hapo mteuzi hodari huupandisha uzito kichwani, kwenye hereni na tika ya paji, shingo akaiachia mkufu mmoja. Tena huuliza blauzi imekatwaje shingoni kabla ya kuuliza bei. Iliyofunga hadi kooni haihitaji kidani kabisa. Zari huitazama mchana, nje ya duka, kwani zari iliyokoza huifanya dhahabu ya karati 14 ionekane imechujuka, ilhali ya karati 22 husimama nayo sawa. Halafu hupitisha kidole nyuma ya kidani: kucha za kushikilia vito zikikwaruza ngozi, zitavuta na uzi wa hariri, na sari iliyofumuka haina dawa. Na bangili zikipandishwa hadi nusu ya kigasha, hina iliyochukua saa nyingi kuchorwa imefukiwa.

Wapo watakaonung'unika. Dhahabu ya harusi, watasema, ni akiba ya mwanamke, na akiba haina kuzidi. Mama aliyeikusanya miaka yote ataambiwaje aifiche? Hoja ina uzito, na watu wa Rungwe, nchi ya Wanyakyusa, hawahitaji kufundishwa thamani ya dhahabu: miaka ya 1930 vijana wa Kinyakyusa walikwenda Lupa, huko Chunya, kuichimba kwa ujira. Lakini akiba haipungui kwa kulala sandukuni siku moja. Isitoshe, harusi ya Kihindi haiishi kwa vazi moja. Usiku wa hina, ndoa na karamu kila moja ina nguo yake, na seti iliyokosa nafasi leo itaipata kesho. Anayetaka wakwe waone kila gramu, awafungulie sanduku (na nadhani wengi wangependelea hivyo, waipime mkononi).

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, kwamba mila imekwisha kuchagua. Mangalsutra, mkufu wa ndoa wenye shanga nyeusi, haina mjadala, wala bangili. Ni kweli, na ndiyo maana viwili hivyo huhesabiwa kwanza, mengine yakapimwa kwa nafasi iliyobaki. Ila mila nayo hubadilika kuliko tunavyokiri. Karne ya 19 maharusi wa Gujarat walivaa bangili za pembe za ndovu, na pembe laini ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa huchongeka bila kupasuka. Karonga, jirani kabisa na nchi ya Wanyakyusa, mfanyabiashara aliyeitwa Mlozi aliuza pembe na watumwa hadi Waingereza walipomnyonga mwaka 1895. Mwaka 1989 nchi za mkataba wa CITES, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizolitaka jambo hilo, ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe. Ndoa hazikusimama, bangili za dhahabu, kioo na plastiki zinafanya kazi ileile.

Limebaki jaribu la uzalendo. Tanzanaiti iligunduliwa Merelani mwaka 1967 na haichimbwi kwingine duniani, basi bibi harusi wa Kitanzania huona fahari kuivaa. Mchana ni samawati. Chini ya taa za manjano za ukumbi huelekea zambarau, na zambarau juu ya gharchola nyekundu ni ugomvi. Tena ni kito laini kidogo, kikiwa kwenye pete hugongwagongwa hadi kikachubuka. Kwa lehenga, sketi pana ya harusi, ya kijivu yenye zari ya fedha ningekitanguliza mbele ya almasi, tena kwenye hereni. Kwa gharchola, kingoje karamu.